Kabla foleni haijaanza: mambo ya kuzingatia ukipangiwa mlango siku ya Otley Run

Wengi wetu tuliokuja Uingereza kusoma au kutafuta maisha tumepitia kazi ya mlangoni, yaani ulinzi wa mlango wa baa. Unafanya kozi, unapata leseni ya SIA (mamlaka inayosimamia walinzi huku), wiki inayofuata unapigiwa simu una shifti Leeds, maeneo ya Headingley, Jumamosi, kuanzia saa tano asubuhi. Baa saa tano asubuhi? Ndiyo, na ukiwa umezoea ulinzi wa supamaketi au ghala utashangaa sana. Sasa naandika haya kwa wale watakaopangiwa huko kwa mara ya kwanza, na kama wewe ni meneja wa baa na umepita hapa basi soma na wewe, maana nusu ya matatizo ya foleni yanaanzia ndani, nje tunapokea tu.

Kwa asiyejua, Otley Run ni ziara ya kunywa baa kwa baa kwenye barabara moja, ile A660. Makundi yanaanzia juu Far Headingley, kwa kawaida baa inayoitwa Woodies, wanapita Three Horseshoes na New Inn, wanashuka Headingley katikati ambako Skyrack na Original Oak zinatazamana, halafu Hyde Park, Library, Pack Horse, Eldon, Fenton, mpaka mjini kwenye Dry Dock ambayo ni boti kabisa imewekwa nchi kavu ikafanywa baa. Ni kama kilomita nne na zaidi kidogo, na wanavaa mavazi ya kuigiza, kundi zima wamekuwa masista wa kanisa, au nyigu, au wazee wa pensheni wenye magongo. Wengi ni wanafunzi wa University of Leeds na Leeds Beckett ila siku hizi wapo pia waliotoka miji mingine, bibi harusi na mashoga zake, vijana wa ofisini, timu za mpira.

Kitu cha kwanza kabisa cha kukaa kichwani, hii shughuli haina mwenyewe. Hakuna kamati, hakuna tiketi, hakuna mtu wa kumpigia simu umuulize leo wanakuja wangapi. Kila kundi limejipanga lenyewe kwenye WhatsApp. Kwa hiyo makadirio unafanya wewe, na unayafanya kwa kuangalia kalenda na hali ya hewa. Mwisho wa Septemba wanafunzi wapya wamefika, mitihani ikiisha, wikiendi yenye Jumatatu ya sikukuu, na ile Jumamosi ya kwanza ya jua baada ya baridi, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, watu wanatoka kama kumbikumbi. Halafu angalia ratiba ya uwanja wa Headingley, uko palepale jirani, siku kuna kriketi ya kimataifa au timu ya raga ya Leeds Rhinos inacheza nyumbani maana yake njia ileile ya miguu inabeba watu wa aina mbili kwa wakati mmoja na wote wana kiu. Ukiona siku hizo zimegongana mwambie meneja mapema aongeze mtu, usisubiri siku yenyewe.

Sasa njia yenyewe. Hapa ndipo watu wanapapuuza na hapa ndipo mimi ningetumia muda mwingi kuliko kote. Fika saa nne asubuhi njia ikiwa tupu, tembea kutoka mlangoni kwenda kila upande, ukiwa na futi kamba kama unayo. Miongozo ya serikali ya huku inasema njia ya waenda kwa miguu inapaswa kubaki na upana wa mita 2 ili viti viwili vya magurudumu vipishane, na pakibana sana mita 1.5. Sasa pima kutoka ukutani mpaka ukingo wa barabara, toa upana wa foleni, toa meza za nje kama baa ina kibali cha kuweka meza njiani, toa nguzo ya taa na pipa la taka, angalia kilichobaki. Mara nyingi utakuta foleni ya watu wawili wawili inapita vizuri na ya watu watatu watatu inaua njia yote. Na foleni ya walevi haijawahi kubaki wawili wawili yenyewe, inanenepa katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, kwa sababu marafiki wanajikusanya kuongea. Kwa hiyo meza za nje ndizo za kuondoa kwanza, kabla ya saa saba mchana, meneja atalalamika kwamba anapoteza mauzo, mwambie tu kibali cha meza kinakuja na masharti ya kuacha njia wazi.

Halafu amua foleni inalalia upande gani, na inaishia wapi. Kuishia ndiyo muhimu. Watu wawili wawili kila mstari unakula kama nusu mita au zaidi kidogo, kwa hiyo watu 60 ni mita 15 mpaka 20 hivi. Tembea hizo mita 20 uone mkia utafika kwenye nini. Kituo cha basi? Kivuko cha miguu? Geti la mtu? Mlango wa dharura wa duka la jirani? Popote unapoona hapafai, rudi nyuma hatua kadhaa, hapo ndipo mwisho wa foleni, chagua alama isiyohama, nguzo au kona ya ukuta, mwonyeshe kila mwenzako wa shifti. Foleni ikifika hapo tunafunga mkia, anayekuja anaambiwa aendelee baa inayofuata, wala hatanuna sana, baa inayofuata si iko mbele tu. Usichukue vizuizi vya chuma ukavitandaza njiani kwa uamuzi wako, ile ni njia ya umma, unahitaji ruhusa ya halmashauri ya jiji, na kuziba njia ya umma ni kosa kisheria. Uliza meneja kama ruhusa ipo, kama haipo basi ni wewe na mdomo wako.

Kuhusu mdomo wako, jua mipaka yake. Beji ya SIA lazima ionekane muda wote na ndani ya baa una mamlaka ya mwenye nyumba, unaweza kumwambia mtu atoke. Ukivuka kizingiti ukawa kwenye njia ya miguu wewe ni raia kama raia wengine, huwezi kumwamuru mtu aondoke pale, unamwomba. Kuna vijana wanaanza kazi wanadhani beji ni upolisi, wanamsukuma mtu njiani, simu kumi zinarekodi. Silaha uliyonayo nje ni moja tu, kwamba wewe ndiye unayeamua nani anaingia. Anayetaka kuingia atakusikiliza. Asiyetaka kuingia na anasumbua, huyo ni wa polisi, kwa hiyo hakikisha kabla ya shifti unajua redio ya baa inaunganishwa na nani na namba ya kupiga ni ipi, 999 kwa hatari ya sasa hivi, 101 kwa mengine.

Na msidhani nje ya mlango ni mahali pa salama kuliko ndani. Tarehe 15 Desemba 2022 pale O2 Academy Brixton, London, kwenye shoo ya mwanamuziki Asake, watu walisongamana nje na kwenye milango na wawili walifariki, mmoja wao alikuwa mlinzi kazini kama sisi. Foleni ya baa ya Headingley haifikii umati ule hata kidogo, lakini namna inavyoanza ni ileile: watu wa nyuma hawaoni kinachoendelea mbele, wanasikia muziki, wanadhani mlango umefunguliwa, wanasogea. Kwa hiyo kabla ya yote panga mtu mmoja wa mkiani, siyo wote wawili mkakaa mlangoni. Mtu wa mkiani ndiye anayewaambia ukweli, "jamani kwa sasa ni nusu saa, hakuna anayeingia", na watu wakijua muda wanatulia. Foleni inakasirishwa na kutojua zaidi kuliko kusubiri.

Kuhesabu watu nitasema kwa kifupi. Idadi ya mwisho ya watu ndani imeandikwa, muulize meneja namba, usikadirie kwa macho. Kikaunta cha kubonyeza kwa kidole kiwe na kila mlango, na mlango wa kwenda eneo la nje la kuvuta sigara uamuliwe kabla: aliyetoka kuvuta anahesabiwa ametoka au yumo? Baa yenye eneo kubwa la nje kama Original Oak ni rahisi sana watu kuingilia pembeni huku wewe unajisifu umehesabu vizuri mbele.

Makundi sasa. Kundi la Otley Run ni watu 12, 20, wakati mwingine 30, na wanataka kuingia wote kwa pamoja, na mfumo wa akitoka mmoja anaingia mmoja unawaudhi kuliko kitu chochote. Njia nzuri ni kuongea nao wakiwa bado wanakuja, kabla hawajajiunga kwenye foleni. Toka hatua kumi, tafuta yule ambaye ana karatasi au simu mkononi na anahesabu wenzake, kila kundi lina mmoja, mara nyingi ni msichana ambaye amelewa kidogo kuliko wengine na amechoka kuwachunga. Huyo ndiye mtu wako.

Mazungumzo yanakwenda hivi. "Mko wangapi dada?" "Kumi na nane, ah hapana, Tom amebaki baa iliyopita, kumi na saba." "Sikia, kumi na saba siwezi, nina nafasi sita sasa hivi na nyingine baada ya dakika kumi. Mnagawanyika au mnaruka hii mnaenda inayofuata?" Anageuka, anapiga kelele kwa masista wa kanisa wenye ndevu, wanapiga kura palepale njiani, na kwa kawaida wanaruka. Umemheshimu, umempa chaguo, amefanya uamuzi yeye. Ukimwacha ajipange halafu umwambie hayo hayo akiwa amesimama dakika ishirini, hapo umetafuta ugomvi na umeupata.

Suala la kulewa linahitaji muafaka na watu wa kaunta kabla baa haijafungua. Kwa Sheria ya Leseni ya 2003, kumuuzia pombe mtu aliyelewa ni kosa, faini inaweza kufika pauni 1,000, na kumnunulia mwenzako aliyelewa nako ni kosa, hili la pili wanafunzi wengi hawalijui na ukiwaambia kwa upole linasaidia. Piga hesabu kidogo. Painti moja ni mililita 568, ikiwa ya asilimia 4 ni kama yuniti 2.3 (kipimo cha kilevi cha huku), na ushauri wa afya wa huku ni mtu asizidi yuniti 14 kwa wiki. Mtu aliyepita baa sita akinywa painti kila baa anakuja kwako akiwa ameshakula kiwango cha wiki nzima mchana mmoja, na bado ana baa nane mbele. Kwa hiyo mahali baa yako ilipo kwenye njia ndipo panapokwambia shifti itakuwaje. Ukiwa Far Headingley shida yako ni wingi na furaha, katikati ni foleni na barabara, ukiwa kule karibu na chuo shida yako ni miguu isiyobeba mwili.

Uamuzi wa nani amezidi ufanyike mkiani, siyo mlangoni. Ongea na kila mtu kidogo akijiunga, muulize mmeanza saa ngapi, mmekula wapi. Jibu lenyewe halina maana, unasikiliza ulimi na kuangalia macho na namna anavyosimama. Kumkatalia mtu mkiani hakuna hadhira, kumkatalia mlangoni mbele ya foleni nzima ni kumdhalilisha na marafiki zake wataingilia. Vitambulisho vilevile, vikaguliwe foleni ikiwa imesimama. Baa nyingi zinafuata Challenge 25, yaani anayeonekana chini ya miaka 25 aonyeshe kitambulisho ingawa umri halali ni 18, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya umri yenye alama ya PASS. Na vinyago vivuliwe, rangi ya uso ikizidi mpaka humfananishi na picha, haingii. Spaidamani naye ana umri.

Vyoo. Ukiuliza wakazi wa Headingley wanachukia nini hawatakwambia kelele kwanza, watakwambia mikojo. Kwenye ua, kwenye vichochoro kati ya nyumba, ukutani kwa kanisa. Na ukifikiria utaona ni hesabu tu, umempa mtu painti nne halafu umemsimamisha nje dakika arobaini bila choo. Msimamo wangu, na kuna mameneja hawaupendi, ni kwamba aliyeko kwenye foleni yako aruhusiwe kuingia chooni na kutoka, wawili wawili, mwenzako mmoja akiwasindikiza kwa macho. Anapoteza sekunde zako chache, ameokoa geti la mama wa watu. Kama uongozi umekataa kabisa basi angalau ujue choo cha karibu kiko wapi uwaelekeze, na foleni isilale kando ya kichochoro chenye giza, maana kichochoro kikiwa hatua mbili kitatumika tu.

Jirani mwenyewe ni mtu wa kumjua kwa sura kabla ya siku. Pita kwenye nyumba mbili tatu za karibu na maduka ya pembeni, jitambulishe, wape namba ya simu ya baa, ile inayopokelewa kweli, siyo ya ofisi iliyofungwa wikiendi. Jirani akiwa na namba atakupigia wewe. Asipokuwa nayo atawaandikia halmashauri, na yeyote anaweza kuomba leseni ya baa ipitiwe upya, kuzuia kero kwa umma ni moja ya malengo manne ya ile sheria ya leseni, siyo hisani. Wakati mwingine unasimama pale unamwona bibi anakuja na kile kigari chake cha kuvuta cha sokoni, anafika kwenye foleni, anaangalia, halafu anashuka barabarani, kwenye A660, mabasi yanapita. Kama ameshashuka umechelewa. Ukimwona akiwa mita thelathini, toka, inua mkono, sema "jamani ukutani, tumpishe mama", na utashangaa, wale wote wenye mapembe ya Vikingi wanabana ukutani na kumpigia makofi akipita. Vijana siyo wabaya. Hawakumwona tu.

Barabara pale katikati iangalieni sana kwa sababu baa mbili kubwa zimetazamana, na mtu aliyeona rafiki yake upande wa pili havuki kwenye kivuko, anavuka palepale alipo. Mtu wa mkiani asimame upande wa barabara, mgongo kwa magari hapana, uso kwa magari na jicho kwa foleni. Glasi zisitoke nje ya mpaka wa baa, siku hizo tumieni za plastiki tangu asubuhi kuliko kuanza kubadilisha watu wakishaanza kuangusha, na wekeni pipa la taka mlangoni upande wa nje kwa sababu watakuja na makopo ya dukani mkononi.

Maji ya bomba ni bure kisheria kwenye baa, mteja akiomba anapewa. Jagi na vikombe vya plastiki viwe karibu na mlango, yule uliyemkatalia ndiye wa kwanza kupewa. Na baridi! Februari Leeds jua linazama saa kumi na moja jioni na mtu amevaa kaptura na mabawa ya malaika. Pombe inamfanya asihisi, mwili unapoa. Mtu aliyekuwa anatetemeka halafu akaacha kutetemeka na anaongea ovyo, huyo siyo mlevi tu, piga 999. Aliyeanguka akagonga kichwa vilevile, hata kama anacheka. Blanketi za karatasi za fedha ni bei ya chini sana, ziwe nne tano kwenye boksi la huduma ya kwanza. Aliyelala hoi alazwe ubavu, mtu akae naye, asiachwe "apate hewa". Usimfukuze mtu peke yake bila simu yenye chaji au rafiki, na hakikisha wote kwenye shifti wanajua mtu akija kaunta kuuliza Angela maana yake anaomba msaada wa kimyakimya, siyo kwamba anamtafuta mfanyakazi.

Kuondoka kwao kupangwe kabla pia. Kuanzia saa moja jioni hivi makundi yanaanza kumeguka, wengine wanataka teksi wengine basi, na wote wanasimama palepale ulipokuwa unapigania mita 1.5 mchana kutwa. Kubalianeni na meneja mapema muziki unashuka saa ngapi, teksi zinachukua watu upande gani, na kwamba mlango mmoja unakuwa wa kutoka tu. Foleni ikiisha msikimbilie ndani kupata joto, baki mmoja nje nusu saa, pitia zile mita 20 ulizopima asubuhi na ufagio na mfuko, vioo, makopo, wigi, kiatu kimoja. Halafu daftari la matukio liandikwe kabla hujavua koti: saa ngapi mkia ulifungwa, wangapi walikataliwa na kwa nini, nani alianguka na alipewa msaada gani, jirani gani alipiga simu. Jumatatu mtu wa leseni akija kuuliza, meneja atakuwa na hilo daftari tu mkononi.